Mguu wa Sindano: Mapenzi na Kuagana kwa Washairi wa Kimetafizikia wa Uingereza

Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi iliyopita, hapa Tanga, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa fasihi. Waliokosa kufika wameomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyonitoka kinywani.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanangu wa kidato cha tano na sita mliojibanza nyuma mkidhani siwaoni: hamjambo?

Kabla sijaanza, pokeeni hii. Ni bikari. Nimeiazima asubuhi hii kwenye mkebe wa mjukuu wangu. Ianzie safu ya mbele. Kila mtu aifungue, aifunge, kisha amkabidhi jirani yake. Angalieni sindano.

Nimeombwa nizungumzie mapenzi na kuagana katika mashairi ya Kiingereza yanayoitwa ya kimetafizikia. Nilipomtajia jirani yangu mada hii, alishangaa. "Kwani Mwalimu, Waingereza nao hulia wakiagana?" Ninaowaletea leo walijitahidi sana wasilie. Walishika kila kilichokuwa karibu nao, hesabu, ramani, nyota, nyundo ya sonara, wakabishana na machozi. Miaka mingi nilipokuwa nikiwafundisha niliona ubishi ule ni ujanja wa wasomi tu. Siku hizi naamini ubishi wenyewe ndio uliokuwa mapenzi.

Hilo jina refu lisiwatishe. Maana yake ni falsafa ya mambo yasiyoonekana kwa macho, na wenyewe hawakujiita hivyo; walibandikwa na waliowalaumu. Mwaka 1693 mshairi John Dryden alimlaumu John Donne, wa kwanza wa washairi wetu wa leo, kwamba huwachosha wanawake kwa falsafa mahali ambapo angewagusa mioyo. Mwaka 1779 mhakiki Samuel Johnson akaliongezea lawama kundi zima: alisema wanachukua mambo yasiyohusiana kabisa na kuyafunga nira moja kwa nguvu. Ng'ombe na mbuzi kwenye jembe moja! Walikaa katika kivuli cha maneno hayo hadi msomi Herbert Grierson alipochapisha upya mashairi ya Donne mwaka 1912, na mshairi T. S. Eliot akasimama kuwatetea mwaka 1921. Historia hiyo inatosha. Twende kwa watu.

Huyu Donne, ambaye jina lake hutamkwa "Dan", alizaliwa London mwaka 1572 katika familia ya Kikatoliki, wakati ambapo kuwa Mkatoliki Uingereza kuliweza kukugharimu shingo. Mdogo wake, Henry, alifia gerezani mwaka 1593 baada ya kukamatwa akimficha padri. John alikuwa kijana mwerevu, mwenye ulimi, mpenda wanawake. Akapata kazi nzuri ya ukatibu kwa Sir Thomas Egerton, mmoja wa wakubwa wa serikali. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani; kazi yake ilikuwa kupanda tu.

Akampenda binti wa nyumba ile. Anne More alikuwa mpwa wa mke wa Egerton, msichana wa miaka kumi na saba hivi. Desemba 1601 walifunga ndoa ya siri. Sisi husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wao walikizuia kikohozi chao wiki kadhaa, na Februari 1602 baba mtu, Sir George More, akaambiwa. Mnaweza kukisia. Donne alifukuzwa kazi, akatupwa gereza la Fleet. Mchungaji aliyewafungisha ndoa akafungwa, na shahidi naye akafungwa. Wazazi mliopo hapa, msicheke sana. Nawajua baadhi yenu mngefanya hivyo hivyo.

Mahakama ya kanisa ilikuja kutamka kwamba ndoa ni halali. Kazi haikurudi. Kwa zaidi ya miaka kumi Donne na Anne waliishi kwa hisani ya jamaa na matajiri, watoto wakizaliwa karibu kila mwaka, ngazi imeshaondolewa ukutani. Nawaeleza haya kwa sababu mashairi yake mtu huyasoma kama maneno ya mtu aliyekaa kwenye kiti laini akitunga mafumbo. Huyu alilipa.

Mwaka 1611 tajiri mmoja aliyewapa hifadhi, Sir Robert Drury, alitaka kwenda Ufaransa na akamtaka Donne afuatane naye. Anne alikuwa mjamzito. Izaak Walton, aliyeandika maisha ya Donne, anasimulia kwamba Anne hakutaka mumewe aondoke. Nafsi yake ilimtabiria baya. Lakini mtu uliyelala katika nyumba yake utamwambiaje hapana? Donne akaenda. Na Walton anasema kabla hajaondoka alimwachia mkewe shairi.

Nalipa jina hili kwa Kiswahili: "Buriani: Kukataza Maombolezo". Sikuchagua "kwaheri". Kwaheri tunampa hata anayekwenda sokoni. Buriani ni ya mtu anayeomba radhi kwa sababu huenda hamtaonana tena. Na shairi lenyewe linafunguliwa wapi? Kando ya kitanda cha mtu anayekata roho! Watu wema, anasema, hufa kwa utulivu, wakiinong'oneza roho yao iende, hata marafiki waliozunguka kitanda hawaafikiani: mmoja anasema pumzi imeshatoka, mwingine anasema bado. Nasi tuachane hivyo, mke wangu. Bila mafuriko ya machozi, bila tufani ya kushusha pumzi.

Jamani. Mke ni mjamzito, ana hofu, na wewe unamfunguliaje mazungumzo? Kwa maiti.

Mara ya kwanza niliposoma ubeti ule nilimwona mtu asiye na moyo. Lakini fuateni hoja yake. Hofu ilikuwa tayari imo chumbani, naye anaijua. Anaiita kwa jina lake kabla ya jambo lolote, ili baada ya hapo aweze kusema mengine. Shairi lina beti tisa za mishororo minne minne, na kila ubeti au jozi ya beti ni jaribio jipya la kumtuliza Anne. Anajaribu mbingu: tetemeko la ardhi hutisha watu, lakini mitikisiko ya mizunguko ya angani, iliyo mikubwa zaidi, haimdhuru mtu. Kisha anasema wapenzi wa kawaida hawawezi kutengana, maana mapenzi yao yameshikana na macho, midomo na mikono. Ni kama anatujibu sisi wa "fimbo ya mbali haiui nyoka". Yetu, anasema, yamesafishwa mno; hata sisi wenyewe hatujui ni kitu gani.

Halafu dhahabu. Roho zetu mbili ni moja, na nikiondoka hazitakatika. Zitatanuka tu, kama dhahabu iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba kama hewa. Waliowahi kukaa kwa sonara wanaelewa: gramu moja tu ya dhahabu hufulika ikawa karatasi ya takriban mita moja ya mraba. Picha tamu sana. Lakini nani kati yenu angependa kufuliwa mpaka awe mwembamba kama hewa? Karatasi ile ukiipumulia inachanika.

Nadhani Donne aliliona hilo. Maana ubeti unaofuata, wa saba, unaanza kwa neno dogo ambalo kwangu ndilo moyo wa shairi lote. Anaanza kwa "kama". Kama ni mbili. Sasa hivi ametoka kuapa kwamba roho zao ni moja, na mara anarudi nyuma: haya, kama ni mbili, basi ni mbili kwa namna hii. Wanangu wa kidato cha sita, mkiulizwa kwenye mtihani mshairi anabadilisha wapi msimamo, onyesheni hapo. Ameshindwa hoja mbele ya mkewe, na badala ya kupandisha sauti ameshuka hatua moja. Mwanamume anayeweza kusema "kama" katikati ya hotuba yake mwenyewe, huyo ameolewa kweli, samahani, ameoa.

Na ni hapo ndipo bikari inapoingia. Imefika wapi? Haya, endeleeni.

Kiingereza kina neno moja kwa vitu viwili: kile chombo cha nahodha kinachoonyesha kaskazini, na hiki cha kuchorea duara. Nimesahihisha insha nyingi ambamo mwanafunzi wetu anaeleza kwamba Donne anamlinganisha Anne na dira inayomwelekeza baharini. Inapendeza, ila si kweli. Kiswahili hakina tatizo hilo. Dira ni dira, bikari ni bikari, na hili la pili lilitufikia kwa Kiarabu kutoka kwa Waajemi, mafundi wa jiometri. Kwa mara moja tafsiri yetu iko wazi kuliko asilia.

Roho zao, anasema, ni mbili kama miguu miwili ya bikari. Nimejaribu hivi, msinicheke:

Roho yako, mguu uliosimama,
hauonyeshi kuhama, bali huhama
mwenzake anapohama.
Na ingawa katikati umekaa,
mwenzake akienda mbali kuzurura,
huinama, ukamsikiliza,
na husimama wima akirejea nyumbani.

Aliye nayo sasa hivi aitanue. Tanua zaidi. Unaona? Watu hukariri kwamba mwanamke katika shairi hili ametulia tuli na mwanamume ndiye anayetembea. Bikari inakataa. Kadiri mguu mmoja unavyokwenda mbali, ndivyo na ule mwingine unavyolala. Hatoki mahali pake, lakini ameinama mwili mzima kuelekea alikokwenda mwenzake. Walio wazuri wa hesabu wataniambia kwamba Donne amechanganya mambo mawili: kuchora duara na kuifunga bikari, ambayo ni mienendo miwili tofauti. Ni kweli. Amechanganya. Anamalizia hivi:

Uthabiti wako ndio unaolikamilisha duara langu,
nikaishia pale pale nilipoanzia.

Sasa niwape kisa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nafundisha shairi hili, nimesimama na bikari kubwa ya mbao ya kuchorea ubaoni, nikiusifu uaminifu wa mguu wa katikati. Binti mmoja aliyekuwa hasemi darasani akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "mguu unaobaki ndio wenye sindano. Ndio unaotoboa karatasi." Nikabaki na chaki mkononi. Nilikuwa nimelifundisha shairi lile mara ngapi? Anayesafiri anaacha mstari mzuri wa penseli, watu wanausifu, ni duara. Anayebaki anaacha tundu. Ukigeuza karatasi upande wa pili, duara hulioni, tundu unaliona.

Basi sikilizeni kilichotokea. Walton anasema Donne akiwa Paris alimwona Anne akipita mara mbili chumbani, nywele zimemwangukia mabegani, mtoto aliyekufa mikononi. Wakatuma mjumbe London. Akarudi na habari kwamba Anne yu mgonjwa kitandani, amejifungua mtoto mfu, siku ile ile na saa ile ile. Maono hayo mimi siyaapii. Walton aliyachapisha katika toleo la mwaka 1675, zaidi ya miaka sitini baada ya safari. Lakini mtoto yule kweli alizaliwa amekufa. Hofu ya Anne ilikuwa na hoja bora kuliko za mumewe. Na katika mashairi haya yote Anne hasemi hata neno moja. Tunamsikia katika lile "kama" tu.

Kuna buriani nyingine ya Donne, ya kilio, ambayo sitaikawiza. Machozi yake ni sarafu, kwa kuwa yanadondoka mbele ya mpenzi na sura ya mpenzi imechapwa juu yake. Kisha chozi ni mpira mtupu ambao fundi anaubandika ramani: Ulaya, Afrika na Asia, na kile kilichokuwa si kitu kikawa kila kitu. Ndiyo, Afrika imetajwa, tumo ndani ya chozi la Mwingereza; tusivimbe vichwa, tumetajwa kwa ajili ya ramani.

Wa pili ni Andrew Marvell, aliyezaliwa mwaka 1621 na baadaye akawa mbunge wa mji wa Hull. Donne alikuwa anaagana na mke anayetarajia kumrudia. Je, kama kurudi hakupo? Katika shairi lake la kufafanua mapenzi, Marvell anasema penzi lake lilitungwa mimba na Kukata Tamaa, likazaliwa na Muhali. Wazazi wa namna hiyo! Kisha anatoa jiometri yake. Mapenzi ya watu wengine ni kama mistari ya mshazari, itakutana kwenye pembe yoyote ile. Yetu ni mistari sambamba. Itakwenda hadi mwisho usio na mwisho, bega kwa bega, na haitagusana kamwe. Ili sisi tukutane, anasema, ingebidi dunia nzima ibanwe iwe bapa kama ramani.

Mimi huyu namwona mkali kuliko Donne, na simpendi zaidi. Hana "kama". Kila kitu kimekaa mahali pake kama hesabu iliyokwisha kukokotolewa. Ila maisha yalimfanyia mzaha. Alifariki mwaka 1678, na watu wakijua kwamba hakuwahi kuoa. Mwaka 1681 mashairi yake yakachapishwa, na mbele ya kitabu kuna maelezo mafupi yanayothibitisha kwamba yametolewa kwenye karatasi za mwandiko wake, yakiwa na sahihi ya "Mary Marvell". Mary gani? Ni mtunza nyumba wake, Mary Palmer, aliyejitokeza kudai kwamba walifunga ndoa ya siri. Kulikuwa na paundi 500 zilizowekwa kwa jina la marehemu, na wataalamu wengi wanasema mama yule alizifuata fedha. Inawezekana. Lakini bila yeye pengine tusingekuwa na ile mistari sambamba. Wanawake wa mashairi haya, mnaona, wapo mlangoni kila mara, wameshika karatasi.

Wa tatu hamumjui, na ndiye niliyemfungia safari. Henry King, rafiki wa Donne na mmoja wa wasimamizi wa wosia wake, baadaye askofu wa Chichester. Mkewe, naye Anne, alifariki mwaka 1624, kijana wa miaka ishirini na kitu. King alimwandikia shairi la maziko. Ndani yake anamwambia alale, asisumbuliwe. Usiku mwema wa mwisho. Kisha mjane huyu wa kiume anaanza kuhesabu. Kila dakika ni digrii ndogo, kila saa ni hatua ya kukujia. Usiku nikilala, asubuhi naamka nikiwa nimesogea karibu na magharibi ya maisha yangu kwa mwendo wa saa nane za tanga. Usingizi wenyewe ndio upepo. Watu wa pwani, mnanisikia? Mtu amelala kitandani Uingereza na chombo chake kinatembea. Na hapa:

Ningojee hapo, sitakosa
kukutana nawe katika bonde lile tupu.
Usiuhesabu sana ucheleweshaji wangu;
nimeshashika njia.

Na mapigo ya mshipa wake, anasema, ni ngoma laini inayompigia mkewe habari kwamba anakuja.

Hapa nimkumbuke marehemu baba. Alikuwa baharia wa majahazi ya mizigo, Tanga, Pemba, Mombasa. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Siku ya kuondoka alimkalisha mama barazani akamfanyia hesabu: siku mbili za kupakia, siku tatu za pepo, siku ngapi za kushusha. Kisha akamhesabia njiti za kiberiti kwenye boksi, moja kwa kila siku. "Kila jioni washa moja. Zikiisha nimefika." Nikiwa mtoto niliona huyu mzee hana mapenzi, mke analia yeye anahesabu njiti. Jioni moja, baba akiwa safarini, nilimwona mama anawasha njiti, taa ikawaka vizuri kabisa, kisha akachukua ya pili akaiwasha na kuizima. Nikamwuliza mbona mbili. Akasema, "Kiberiti hiki kibichi, mwanangu."

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nasoma zile hesabu za Henry King, ndipo nilipomwelewa mama. King alitaka kufika haraka. Akaishi miaka mingine 45. Alifariki mwaka 1669.

Nirudi kwa Donne, nimalize. Mwaka 1615 aliingia upadri wa Kanisa la Uingereza, na maisha yakaanza kunyooka. Agosti 1617 Anne alifariki, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kumi na mbili, naye amezaliwa mfu. Anne alikuwa na miaka thelathini na mitatu hivi. Donne akawa mkuu wa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, mhubiri aliyesifika London nzima, akaishi hadi 1631, na hakuoa tena. Aliandika soneti juu ya kifo kile. Inaanza kwa kusema tu kwamba yule niliyempenda amelipa deni lake la mwisho kwa maumbile. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta dhahabu, nikitafuta ramani, nikitafuta duara. Anazungumza na Mungu, ana kiu, analalamika kidogo. Bikari haimo.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Bikari iko wapi? Naiona, iko kwa yule kijana wa safu ya mwisho. Ifunge, mwanangu, sindano isimchome mtu, uirudishe huku mbele. Mjukuu ana mtihani wa hesabu Jumatatu.